Chupa Mbili za Ukuta

Nilimsubiri Baba Mdogo miaka kumi na tisa. Siku alipoingia maabarani kwangu, tumbo likimtangulia, nilimvutia kiti kwa mikono miwili.

Alikuja na kamati ya jengo la zamani la mahakama. Walitaka kujua ukuta uliobomoka ulijengwa kwa kitu gani kabla ya kutoa kazi ya ukarabati, na kazi hiyo aliitaka yeye.

Zamani, yeye na Baba waliukarabati ukuta ule pamoja. Ulitakiwa chokaa tupu. Mmoja wao akatia saruji kwa siri ili amalize haraka, unyevu ukafungiwa ndani, masika yakaubwaga upande wa mashariki. Baba Mdogo aliapa mbele za watu kwamba ni kaka yake. Ana mdomo, wakamwamini. Tangu hapo mwiko wa uashi wa Baba unaota kutu kwenye msumari wa jikoni, na mimi nilisomea kazi hii ya kupima vifaa vya ujenzi kwa hasira tu, sio kwa kuipenda.

"Shikamoo, Baba Mdogo. Kwani mchanga mlikuwa mnauosha?"

Akacheka mpaka kiti kikalia. "Baba yako huyo! Anaosha mchanga utadhani mchele wa harusi, mara saba! Mimi toka nizaliwe sijaosha mchanga. Andika hilo."

Nikaliandika. Nikamwomba mwenyekiti wa kamati atie sahihi chini yake.

Kipande cha kwanza cha ukuta kilitoka sehemu iliyosimama. Kilikuwa cheupe, chenye vidonge vya chokaa, kikavunjika kwa vidole. Nilipokimiminia asidi ndani ya chupa kilichemka, povu likapanda, kisha kikatulia. Chini ulibaki mchanga safi, na juu maji maangavu.

Cha pili kilitoka sehemu iliyoanguka. Kilikuwa cha kijivu, kigumu, nikakivunja kwa nyundo. Asidi ilipomaliza kazi, mchanga ulizama, lakini maji yalibaki tope.

"Hii ni saruji," nikasema.

"Na tope ni la saruji?" mwenyekiti akauliza.

"Hapana. Ni udongo wa mchanga ambao haukuoshwa."

Mwenyekiti akaisoma tena ile karatasi yenye sahihi yake. Nilimtazama Baba Mdogo akilowa jasho, na sitadanganya, roho yangu ilisuuzika.

"Mwanangu," akanong'ona, "haya si tungeyamaliza nyumbani?"

"Nenda kamwombe radhi kaka yako kwanza," mwenyekiti akamwambia, "ndipo uje tuongee habari za kazi."

Nilimpeleka mwenyewe kwa gari langu, chupa ya tope mapajani mwake. Njia nzima nilimwambia aishike vizuri.

Baba alifungua mlango.

"Kaka, nisamehe, shetani tu..."

Baba aliichukua chupa, akaiinua kwenye mwanga, akaizungusha polepole kama alivyozoea kupima mchanga wake kabla ya kuuchanganya. Akamrudishia mdogo wake.

"Kauoshe," akasema, huku akifunga mlango. "Mara saba."