Nusu ya Pili ya Clive Ormerod

Mwaka 1966 Clive Ormerod alitoa wimbo mmoja wa roki ambao redio ziliucheza Uingereza nzima, na huko Leeds wasichana wakamrarulia koti. Miaka minane baadaye nilikuwa nimebaki mimi tu nyuma yake, kwenye ngoma, Jumapili mchana, katika klabu ya wachimba makaa karibu na Barnsley.

Alikuwa na nyimbo sita mpya, na kampuni tano za santuri zilikwisha kuzikataa. Ya sita ilimtuma Bibi Pargeter. Aliandika kwamba angepita saa nane akirudi London, na kwamba hangekaa zaidi ya nusu saa. Clive aliibeba barua ile mfukoni hadi ikachanika kwenye mikunjo.

Nusu ya kwanza tulipiga nyimbo za zamani, kama klabu ilivyotaka; mpya tuliziweka kwa nusu ya pili. Kisha tukashuka, bingo ikaanza: nambari huitwa, kila mtu hukata zake kwa penseli kwenye kadi, na wa kwanza kuzimaliza hushinda fedha. Kwa kawaida huchukua robo saa. Siku hiyo mashine ya kutoa mipira yenye nambari ilikwama, wakaanza upya.

Bingo ikichezwa, hakuna anayekohoa. Bia haiuzwi. Ukiingia, unasimama papo hapo mlangoni, na ndipo aliposimama Bibi Pargeter. Saa nane na robo alitazama saa yake. Baada ya dakika tano akaitazama tena.

Clive alimwinamia Wilf Stubbs, katibu wa burudani, aliyekuwa akiita nambari.

"Mzee Wilf, nipe nyimbo mbili tu. Mgeni wangu anaondoka."

"Watu wanacheza, mwanangu."

"Nakuomba. Sina mwingine baada ya huyu."

"Hata malkia angesubiri. Kaa." Akakirudia kipaza sauti chake. "Arobaini na saba."

Clive akapanda jukwaani. Nikamfuata. Akachomeka gitaa, akaanza kuimba.

Ukumbi ulilipuka.

"We Clive, una wazimu?"

"Mtoeni huyo!"

Mama Edna wa meza ya mbele alisimama na kadi yake mkononi. "Nilibakiza moja! Moja tu, mshenzi wewe!"

"Mwache, Edna, labda ataiimba nambari yako!" mtu akadakia kutoka nyuma.

Wilf alitembea taratibu hadi ukutani, akazima umeme wa jukwaa. Gitaa likafa. Clive akaendelea kwa sauti tupu. Ilikuwa imekwaruza, na kule juu haikufika tena. Nililijua hilo tangu majira ya baridi. Spika ndizo zilizomsitiri. Nikapunguza ngoma. Katikati ya ubeti wa pili sauti ikakatika kabisa.

"Basi, mwanangu," Edna akasema, safari hii polepole. "Inatosha."

"Tunaendelea," akasema Wilf. "Kimya, tafadhali. Thelathini na mbili."

Vichwa vikainama. Bibi Pargeter akavaa glavu zake, akausukuma mlango.

Kutoka jukwaani hadi pale ni hatua ishirini, katikati ya meza. Clive alishuka ngazi moja, ubao ukalia. Penseli zote zikasimama, watu wakamtazama. Akaurudisha mguu.

"Kumi na tisa."

Nje gari likawaka, likarudi nyuma juu ya kokoto, likaondoka. Clive alisimama na gitaa shingoni, mdomo wazi kidogo. Ziliitwa nambari kumi na moja zaidi kabla ya mtu kushinda.