Kiti cha Kupigia Picha

Kidude kilipolia kwa mara ya nne asubuhi ile, Shangazi alikuwa ameinamia kola ya shati, pasi ya mvuke mkononi, na msimamizi yuko hatua mbili nyuma yake.

"Hiyo ni simu?"

"Si simu, bosi. Ni mguu."

Wapiga pasi wenzake wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. Kiwanda kizima kilimwita Shangazi, hata waliomzidi umri, na kwa miaka kumi na sita alikuwa akisimama mbele ya meza ileile. Kisukari kilikuwa kimemtia ganzi nyayoni. Msumari ungemchoma asijue. Ndiyo maana mradi wa hospitali ulimpa zile soli za kuweka ndani ya viatu, zenye vipimo vya joto na uzito. Unyayo ukielemewa, kidude kilichofungwa kifundoni kinalia. Kikilia, alisema nesi wa mradi, kaa chini, inua mguu, robo saa.

Kaa chini! Katika ukumbi ule hapakuwa na kiti hata cha dawa.

Alitoa barua ya daktari mfukoni. Msimamizi aliisoma mpaka mwisho, tena kwa adabu, kisha akaikunja.

"Shangazi, mimi nakuheshimu. Lakini nikikupa wewe kiti, kesho wote humu wana kisukari. Kizime."

"Hakizimiki, bosi. Kikivuliwa wanajua kule hospitalini."

"Basi kiache nyumbani. Au ubaki nacho hukohuko."

Sasa afanye nini, jamani? Asiyevaa soli alinyang'anywa, na zikienda soli zinaenda na dawa za bure na kliniki ya vidonda. Hapo ndipo mama mkwe wake, kule nyumbani, alipojitolea. Bibi yule alikuwa na nyayo nzima na magoti mabovu. Alishinda mkekani akichambua mchele na kuwachambua majirani.

"Lete hivyo viatu na kidude chake, nivae mimi," alisema. "Kukaa ndiyo kazi ninayoiweza. Aliyeshiba hamjui mwenye njaa, na huyo bosi wako aliyekaa hamjui aliyesimama."

Walicheka mpaka machozi yakawatoka.

Miezi miwili kidude hakikulia. Shangazi alivaa raba zake kuukuu kazini, akapiga pasi. Jioni moja akavua raba ya kulia na kifungo cha shati kikadondoka sakafuni, kimeganda damu. Kilikuwa kimemwingia kiatuni tangu asubuhi, naye amekikanyaga kutwa nzima. Chini ya kidole gumba palikuwa na shimo la mviringo, saizi ya kifungo kilekile.

Alilisafisha kwa maji ya chumvi. Kidonda kikachimbika. Siku aliyopata ruhusa alikwenda kliniki, akapanga foleni mpaka dirishani, nesi akamtafuta kwenye kompyuta.

"Mama, wewe uko kijani, soli zinasema mguu mzima. Leo tunaona wekundu tu."

"Nina kidonda, mwanangu."

"Ungekuwa nacho kingeonekana hapa." Nesi alikuwa amechoka, foleni inatoka mpaka nje. "Rudi tarehe yako. Anayefuata!"

Wiki mbili baadaye mradi wenyewe ukamfuata kiwandani. Alikuja mkubwa wa mradi, akaja nesi yule wa dirishani, akaja mpiga picha. Kati ya wagonjwa wote, walisema, hakuna aliyeupumzisha mguu kama huyu mama. Msimamizi alibeba kiti chake mwenyewe kutoka ofisini, akakipangusa kwa mkono wa shati.

"Kaa, Shangazi. Kaa vizuri."

Akakaa. Loo, kumbe ukumbi ule ulionekana hivi ukiwa umekaa! Hasira zikampanda.

"Si mimi ninayevaa zile soli," alisema. "Mama mkwe ndiye anayevaa."

Mkubwa wa mradi akapasuka kicheko, na msimamizi naye, kwa kuwa mkubwa amecheka.

"Mama mkwe tena! Huyu mama ana utani huyu!"

"Sitanii. Nivueni kiatu muone."

"Tutaona, mama, tutaona. Kwanza tazama hapa."

Nesi peke yake ndiye aliyeacha kucheka. Aliitazama ile raba na kifundo kisicho na kidude, akamtazama mkubwa wake, akainamisha macho kwenye makaratasi. Picha ikapigwa. Wageni wakaongozwa kwenda kunywa chai.

"Haya, simama," msimamizi alisema, akakinyanyua kiti. "Mashati yanangoja."

Pale ulipokuwa mguu wake wa kulia palibaki alama, mbichi, ya rangi ya kutu.

"Nani kamwaga nini hapa? Mtu atateleza. Shangazi, hebu pangusa."

Shangazi akachukua kitambaa, akapiga magoti, nyayo zikaachana na sakafu. Akapangusa taratibu, kisha akapangusa tena palipokwisha takata, robo saa nzima.