Mwamuzi Aliyemnyima Mama Moraa

Kamugisha alikuwa mtu mpole kila mahali isipokuwa uwanjani. Kule Lewisville, Texas, kwenye ofisi ya kampuni ya vigae alikofanya kazi, ukimwambia hamia meza ile ya karibu na choo, anahamia na kushukuru. Barabarani aliwapisha hata madereva ambao hawakuomba. Lakini Jumamosi asubuhi, akishavaa fulana ya buluu na kofia ya mwamuzi, hapo umempoteza. Akishasema mpira ni mbaya, ulie, ugaregare, umwite shangazi yako aje kukutetea, mpira ni mbaya.

Ligi yenyewe haikuwa ya kumtoa mtu roho. Ilikuwa ya makampuni: watu wa maghala, wa hospitali na wa maofisini, wakikutana kwenye viwanja vya Grand Prairie kucheza softboli kabla jua halijawa kali. Mrushaji anarusha mpira, mpigaji anaupiga kwa gongo, kisha anakimbia kuzunguka vituo mpaka arudi alipoanzia, panapoitwa nyumbani. Akiguswa kwa mpira kabla hajafika, ametolewa, ni "out"; akiwahi kufika, amesalimika, ni "safe", na pointi ni ya timu yake. Kombe lilikuwa la plastiki. Kila kampuni ilitakiwa kutoa mwamuzi wa kuhukumu mechi za wengine, na kampuni ya vigae ilimtoa Kamugisha kwa kuwa ndiye pekee asiyejua kukataa. Wao walidhani wamemtwisha mzigo. Yeye akasoma sheria za mchezo, akazipenda kama mtu anavyopenda mboga aliyolazimishwa kuionja.

Sasa, mdakaji wa timu ya hospitali alikuwa Mama Moraa. Mdakaji huchutama nyuma ya mpigaji, na mwamuzi huinama nyuma ya mdakaji, kwa hiyo hao wawili hushinda pamoja kama watu wanaochambua mchele kwenye ungo mmoja. Mama Moraa alikuwa msaidizi wa wauguzi, mama wa Kikisii mwenye mwili uliojaa na magoti yasiyopenda mbio, na ndiyo maana wenzake walimweka hapo. Mdomo wake ndio ulikuwa na mbio.

"Shikamoo, Mama," Kamugisha alisalimu kila Jumamosi.

"Marahaba, marahaba! Nyinyi Watanzania mtatumaliza na hizo shikamoo. Umekula?"

"Nimekula mkate, Mama."

"Mkate si chakula, hiyo ni kudanganya tumbo." Na hapo humchapa begani kwa glovu yake, kisha mapumziko yakifika anamwita, anammiminia chai ya maziwa kwenye kifuniko cha chupa yake mwenyewe, na wanakunywa wakiwa wamekaa bega kwa bega kwenye benchi.

Chai ile Kamugisha aliinywa kwa matumaini makubwa, maana Moraa, binti wa mama huyo, ndiye mwanamke ambaye Kamugisha alitaka kumwoa. Moraa alikuwa muuguzi Houston, mwenye cheko la kumfanya mtu asahau alichotaka kusema. Baba yake alikwishafariki, na neno la mwisho lilikuwa la mama. Na mama alikuwa amelishikilia neno lake. Binti yake mkubwa aliolewa na mwanamume wa ndiyo Mama, sawa Mama, mwanamume aliyemsifia mpaka chumvi ya chakula chake, na huyo huyo akaja kumwacha binti wa watu na watoto wawili. Kwa hiyo Moraa alipomweleza habari za Kamugisha, alijibiwa hivi: "Huyo Mtanzania wako ni mpole sana, na wapole nishawaona. Wacha nimtazame kwanza. Msimu wa softball ukiisha, nitasema."

Kamugisha akahesabu kwamba anatazamwa vizuri. Glovu begani, chai kwenye kifuniko, kuna nini tena?

Kisha ikaja mechi ya hospitali na ghala la matairi. Hospitali walikuwa mbele kwa pointi moja, na ghala walikuwa na nafasi ya mwisho ya kupiga. Alain, Mkongomani mmoja dereva wa forklift, ile mashine ya kunyanyulia mizigo ghalani, akatoka kituo cha tatu kurudi nyumbani akikimbia kama aliyeachwa na ndege. Mpira ukarushwa. Mama Moraa akaudaka kwa mikono miwili, jambo ambalo hakuwa amelifanya msimu mzima, akajitupa chini na kumgusa Alain mguuni. Vumbi likatimka. Mama akainuka akiuonyesha mpira juu, uso umejaa furaha ya mtoto wa shule, na wauguzi wote wakaanza kupiga vigelegele.

Kamugisha alikuwa ameona. Ncha ya kiatu cha Alain ilikuwa imekanyaga nyumbani kwanza, na glovu ikafuata.

Elkana, nahodha wa hospitali, aliyekuwa mtoto wa kaka yake Mama Moraa, akamkimbilia. "Ref, hiyo ni out! Wee, fikiria vizuri! Unajua huyo ni mama ya nani?"

Kamugisha alijua sana. Alimwona Moraa, akaona harusi, akaona na watoto ambao hawajazaliwa wakimtazama kwa huzuni. Akafungua mikono yake miwili pembeni, akatamka, "Safe!"

Mama Moraa hakubishana. Alimtazama Kamugisha kwa muda mrefu, kutoka kofia mpaka viatu, mtazamo wa mtu anayenunua ng'ombe. Kisha akaweka mpira chini, akachukua chupa yake ya chai ambayo hakuwa amemmiminia mtu, akaenda kwenye gari lake.

Jumamosi iliyofuata, mdakaji wa hospitali alikuwa mtu mwingine. Mama Moraa alikuwa amehamia kule pembeni kabisa, upande wa kulia, mahali ambapo mpira hufika kwa bahati mbaya. "Shikamoo, Mama!" Kamugisha akapaza sauti. Mama akageuka akatazama uzio, akainua mkono kidogo kana kwamba anafukuza nzi. Ilipofika zamu yake ya kupiga, alisimama mbali kadiri sheria zilivyoruhusu, akampa mwamuzi mgongo, akapiga mpira wa kwanza uliokuja, mzuri au mbaya, ili aondoke pale upesi.

Ikawa hivyo wiki baada ya wiki. Chai haikuonekana tena. Siku moja Elkana alifanya sherehe ya kumbatiza mtoto wake, na Kamugisha alipoingia sebuleni, Mama Moraa alibeba sahani yake ya pilau ikiwa bado ina moshi, akapenya mlango wa kuingia jikoni. Kamugisha akamfuata na kikapu cha maembe aliyoyachagua moja moja, akiwa na hotuba nzima ya kuomba radhi. Mama akajificha nyuma ya friji. Kweli kabisa, mama mzima mwenye heshima zake, nyuma ya friji. Kutoka huko sauti yake ikasema, "Elkana, mwambie aweke hapo kwa meza."

Kamugisha akaweka. Akarudi kwenye gari, akakaa bila kuliwasha, na akalia.

Alimpigia Moraa Houston. Moraa alitoka Kisii akiwa na miaka mitano, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuombea chakula na kuchekea. "Babe, nimemu-ask Mum mara tatu," alisema. "Ananiambia, wachana na mambo yangu. Ungesema tu out! It's just a game."

"Hakuwa out."

"Nani angejua?"

"Mama yako angejua, Moraa. Yeye ndiye aliyekuwa na mpira mkononi."

"Now she hides from you," Moraa akasema kwa sauti ndogo. "Sijawahi kumwona Mum akimkimbia mtu. Hata bill collectors wakija kudai madeni huwa anawakaribisha chai."

Usiku huo Kamugisha aliamua kuacha kazi ya mwamuzi. Angemaliza mechi ya mwisho, arudishe kofia, na kama neno la Mama lingekuwa hapana, basi alipokee akiwa mtu wa kawaida. Kilichomuuma zaidi, na hakumwambia hata Moraa, ni kwamba alimkumbuka yule mama mwenyewe. Mama yake mzazi alikuwa kaburini Morogoro, na hakuna mtu mwingine huku Texas aliyewahi kumuuliza kama amekula na kisha asiridhike na jibu.

Mechi ya mwisho ikawakutanisha tena hospitali na ghala la matairi. Safari hii hospitali ndio waliokuwa nyuma kwa pointi moja, nafasi yao ya mwisho, na kwa maajabu ya Mungu Mama Moraa alikuwa amefika kituo cha tatu. Alain, ambaye siku hiyo alikuwa mdakaji, alichutama akisubiri. Muuguzi mmoja akapiga mpira ukaruka mbali, na watu wote wakasimama.

Mama Moraa akatoka. Magoti yasiyopenda mbio yakapata mbio. Kamugisha, kama sheria zinavyofundisha, akasogea karibu kabisa na mstari wa nyumbani ili aone mguu na mpira kwa macho yake.

Na Mama Moraa, akiwa katikati ya njia, akasimama. Akasimama tuli, kama aliyekumbuka kwamba ameacha sufuria jikoni. Akamtazama Kamugisha aliyekuwa mbele yake, akarudi hatua mbili nyuma, akajifunika uso kwa mkono.

"Kimbia, Aunty! Run!" Hospitali nzima ilipiga kelele. Kule mbali mpira ulikuwa umeshaokotwa.

Elkana, aliyekuwa akielekeza wakimbiaji karibu na kituo cha tatu, akashika kichwa. "Ref! Toka hapo! Rudi nyuma!"

"Hapa ndipo mahali pangu!" Kamugisha akajibu.

"Hawezi kukupita karibu hivyo! Wewe ni mkwe!"

"Nini?"

"Kwetu Kisii mama hakaribiani na mkwe wake! Hamgusi, hakai naye, hamwangalii usoni! Ni heshima! Ghai, si nilidhani unajua!"

Kwa nukta moja uwanja wote ulimpotea Kamugisha. Akaona mtazamo ule wa kutoka kofia mpaka viatu. Akaona benchi la chai lililobaki tupu kuanzia siku ile ile, na pembeni ya kulia, na mlango wa jikoni, na friji. Kumbe mama huyu hakuwa na kinyongo. Kumbe wiki zote zile alizokuwa akilia ndani ya gari, alikuwa ameshakubaliwa kwa kuthubutu kumnyima, na alikuwa akiheshimiwa kwa heshima kubwa kuliko zote alizonazo mama wa Kikisii.

Mpira ulikuwa unakuja. Kamugisha akafanya jambo ambalo mwamuzi hapaswi kulifanya hata akitishiwa kwa panga: akaondoka mahali pake. Akarudi nyuma mpaka kwenye uzio, akageuka, akampa mama mkwe wake mgongo, akainamisha kichwa.

Nyuma yake akasikia viatu, kishindo, na vumbi likampita masikioni.

"Nilimugusa!" Alain akapiga kelele. "Ref, nilimugusa mbele afike!"

"Safe!" wauguzi wakajibu kwa pamoja. "Alikuwa safe!"

Wakamzunguka kila upande. Kamugisha akageuka, akamkuta Alain na glovu yake juu, na Elkana na mikono yake imefunguliwa. Hakuwa ameona chochote, na mwamuzi ambaye hakuona hana cha kusema. Kombe la plastiki lilikuwa pale mezani likisubiri, na timu mbili zilikuwa zinamtazama mdomoni.

Mama Moraa alikuwa ameshapita upande wa pili wa uzio, mbali, vumbi limempaka kuanzia nywele. Akamgeuzia Kamugisha ubavu, akatazama maegesho ya magari, na akasema kwa sauti iliyosikika mpaka huko:

"Elkana! Mwambie mkwe wangu, mpira ulinipata kabla sijafika."

Elkana akalitazama kombe pale mezani. Kombe lilikuwa linakwenda zake na shangazi yake ndiye aliyelitoa kwa mdomo wake mwenyewe. "Ref," akasema polepole, "mama mkwe wako anasema mpira ulimpata kabla hajafika."

Kamugisha hakuweza kuzuia machozi, na wala hakujaribu. Alitamani kukimbia amkumbatie mama yule, na akajua kwamba hilo ndilo hataruhusiwa kamwe. Akavuta pumzi, akainua ngumi yake mbele ya watu wote, akatangaza kwa sauti iliyokatika katikati:

"Out!"

Mama Moraa akaendelea kutazama magari. Lakini bega lilikuwa linamtikisika kwa kicheko.

"Elkana," akasema, "mwambie hapo sasa amesema. Na umwambie awalete wazee wake."