Mihuri ya Kutu

Jumamosi asubuhi Kuwabara Tetsuji aliegesha pikapu yake ndogo kibandani kando ya nyumba, akakwangua madigadi ya kushoto kwa msasa mpaka chuma kikabaki kitupu. Kwa fundi hakutaka kulipeleka gari; angemuuliza amegonga nini. Alivaa glavu ili jasho la vidole lisiache alama, akafuta kwa thina, akapuliza praima, rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, mara tatu upesi upesi, maana bahari ya Niigata iko jirani na chuma kitupu hakivumilii upepo wake hata siku moja.

Jumapili kutu ilikuwa imetokeza juu ya praima. Kiduara, kama kifungo cha koti, na ndani yake jina: Ushijima. Ulikuwa muhuri wa Bi Ushijima Tokuko wa nyumba ya kwanza, aliyegongwa Jumatano kwenye barabara ipitayo juu ya tuta la kuzuia maji akipeleka waraka wa mtaa, akafa pale pale.

"Baba Nao," mkewe Fumie alimwita kwa jina la mtoto wao, "Bi Tokuko amepiga muhuri."

"Mafuta hayakutoka vizuri. Nitapiga msasa tena."

Alipiga. Jumatatu muhuri ulirudi, unasomeka vizuri zaidi.

Mtaani kwao kila waraka huzunguka nyumba tisa. Ukisoma unapiga muhuri wa jina la ukoo wako, unampelekea jirani. Mihuri ikitimia tisa, jambo limekwisha, haliulizwi tena. Kwa hiyo mzee Hirasawa wa nyumba ya pili, aliyekuja kuleta figili, aliinama, akasoma, akatoa muhuri wake mfukoni, akaupulizia pumzi, akaugandamiza pembeni.

"Praima gani hii?"

"Ya zinki, mzee."

"Ongeza. Chumvi ya huku haina adabu."

Kesho yake jina la Hirasawa nalo lilishika kutu.

Wakaja wa nyumba ya tatu, ya nne, ya tano. Fumie aliwapa chai. Yeye mwenyewe hakuthubutu kwenda polisi. Alitegemea mmoja wao aende. Kila mgeni alipoinama, Fumie alimtazama usoni. Mama wa nyumba ya sita alisimama muda mrefu, machozi yanamtoka, na Fumie akasema moyoni, ni huyu.

"Tokuko ndiye aliyenifundisha kutia figili chumvi," mama yule alisema. Akajipapasa aproni. "Jamani, muhuri nimesahau. Dole gumba litafaa?"

"Litafaa," Tetsuji alisema.

Ijumaa ilibaki nyumba ya tisa, yao.

"Piga," Tetsuji alisema.

"Nikipiga ndiyo imekwisha."

"Sasa unadhani nakwambia upige kwa nini?"

Fumie akafungua droo, akapiga. Tangu hapo kutu haikuongezeka hata punje. Tetsuji akaisugua yote, akapaka praima, puti, kisha rangi nyeupe, na rangi ikatulia kama ya dukani.

Wiki iliyofuata gari lilipita ukaguzi. Wakirudi, walimkuta Sanae, binti wa Bi Tokuko aliyeolewa mtaa mwingine, amesimama kwenye tuta akigawa karatasi za kuomba yeyote aliyeona gari lililomgonga mama yake ajitokeze. Tetsuji akasimamisha, akashusha kioo, akapokea karatasi kwa mikono miwili.

"Samahani kwa usumbufu, kaka," Sanae alisema. "Naomba mnizungushie mtaani kwenu."

"Itazunguka," Tetsuji alisema, akampa Fumie aishike isipeperuke.