Makaa ya Watu

Mdogo wangu Donncha ni mwongo, na heri angekuwa mwongo wa baa, yule anayedanganya watu wacheke. Yeye hudanganya akiwa amevaa tai.

Nilimwona kutoka dirishani, kamshika mkono bibi wa Kimarekani, anamvusha matope hadi kwenye gofu lililo chini ya kilima chetu. Akavua kofia. Akanyoosha kidole ukutani. Bibi wa watu akapiga magoti, akalia. Mimi nimeshika sufuria ya viazi, nikasema peke yangu, "Yarabi, analilia banda la mbuzi!"

Maana lile lilikuwa banda la mbuzi. Hajawahi kulala mtu mle, labda mlevi. Bonde letu la Kiairishi lina akina Kelleher wengi kuliko kondoo, ndiyo maana kila ukoo una jina la utani. Kuna Kelleher wa Mbuzi, kuna Kelleher wa Daraja, kuna Kelleher Shingo. Sisi ni Kelleher wa Makaa. Mtu akitoka Amerika akakwambia babu yake aliitwa Kelleher, hajakwambia kitu, ni kama kusema babu yake alikuwa na pua. Unamuuliza kwanza, Kelleher yupi? Donncha ni mwenyekiti wa kamati ya historia ya parokia, hilo analijua kuliko sala zake. Na hakuuliza. Nikadhani ni uvivu tu.

Akamleta jikoni kwangu anywe chai. Bibi mwenyewe aliitwa Loretta, mjane, ametoka Butte, mji wa machimbo ambako nusu ya bonde letu ilikwenda kukohoa vumbi la shaba. Alikuwa anasikia baridi, nikamvutia kiti karibu na meko aote moto mgongoni. Akatoa kopo la bati mkobani, akaliweka mezani karibu na siagi.

"Huyu ni kaka yangu, Cornelius," akasema. "Majivu yake. Nilimwahidi nitamweka kwenye meko ya babu, pale moto wa kwetu ulipokuwa ukiwaka. Sina ndugu mwingine, dada. Tukimaliza chai, Bwana Donncha atanirudisha kule nimmwage."

Nikamtazama Donncha. Alikuwa anakoroga chai.

"Koroga tu," nikamwambia. "Sukari hujatia."

Sikutaka kumwaibisha mbele ya mgeni. Nikamgeukia Loretta. "Mama, babu yako aliondoka huku akiwa na umri gani?"

"Mtoto wa miaka tisa. Mwenye ardhi aliwaletea askari, wakabomoa paa, wakawatoa nje na mvua inanyesha. Mambo hayo hakupenda kuyasema. Alichosema ni habari za mbwa wake tu."

"Mbwa?"

"Griso. Ndilo jina lake." Akatabasamu. "Kila usiku kabla ya kulala, babu alikuwa akisema, 'Griso yuko kwa jirani. Aliahidi atamtunza mpaka turudi.' Sisi watoto tulimcheka. Mzee mzima na ndevu zake, anamlilia mbwa! Alikufa analitaja jina hilo hilo."

Nilikuwa nakata mkate. Kisu kikaganda mkononi.

"Eeh, mbwa!" Donncha akadakia. "Marehemu baba alikuwa akimtaja. Mbwa mweusi, mkali ajabu. Alizikwa kule kule kwenye gofu."

Hapo ndipo damu iliponipanda. Nilibwaga kisu mezani kwa kishindo mpaka kopo la Cornelius likaruka.

"Donncha! Mbwa gani?"

"Dada, twende nje kidogo."

"Siendi nje! Semea hapa hapa. Mbwa gani?"

Kwetu moto wa meko hauzimwi. Usiku unayafukia makaa kwa majivu, asubuhi unayafukua, unaweka mboji kavu ya kinamasi, ndiyo kuni zetu, moto unaamka. Mimi nimefanya hivyo tangu nikiwa binti mdogo. Na familia ikihama haiachi moto ufie ndani ya nyumba tupu. Inabeba makaa kwa jirani, jirani anayatia kwenye meko yake, anawatunzia mpaka warudi. Ni amana. Na makaa hayo, yanayolala hai chini ya majivu, kwa Kiairishi yana jina lake moja tu. Gríosach.

Griso! Mtoto aliondoka na neno hilo mdomoni, likavuka bahari, Kiairishi kikawafia huko, likabaki neno lisilo na maana. Wajukuu wakaliwekea miguu na mkia.

"Mama Loretta," nikasema, kwa hasira, si kwa huzuni, "Griso hakuwa mbwa."

Nikamweleza. Alisikiliza bila kupepesa macho. Kisha nikamgeukia mwenyekiti wa historia. "Haya. Jirani alikuwa nani?"

Akajimiminia chai nyingine.

"Donncha, mimi na wewe tumenyonya ziwa moja. Usinifanye mjinga jikoni kwangu. Makaa hayo aliachiwa nani?"

"Tadhg," akasema, macho kwenye kikombe. Tadhg ni baba wa babu yetu. "Walimwachia Tadhg. Mwezi haujaisha, akaenda kwa mwenye ardhi akaomba apewe shamba lao. Akapewa. Baba aliniambia siku alipokuwa anakata roho."

"Akakwambia wewe."

"Mimi ndiye mwana wa kiume, dada."

Mnisamehe, nilimtukana tusi ambalo sitaliandika. Mwana wa kiume! Huyo mwana wa kiume hajawahi kuinama kwenye meko hayo hata usiku mmoja. Mimi ndiye niliyechubuka magoti nikifukia moto wa watu, natunza amana nisiyoambiwa ni ya nani. Na jina letu je? Kelleher wa Makaa! Nilijivunia jina hilo, nikidhani tunasifiwa kwa meko yetu yasiyopoa. Kumbe tunatukanwa. Bonde zima lilikuwa likituita wezi kila Jumapili mlangoni mwa kanisa, na sisi tunaitika kwa tabasamu! Huku kwetu aliyenyakua shamba la jirani aliyefukuzwa alikuwa hasalimiwi wala hauziwi mkate. Sisi tukasamehewa nusu, tukaachiwa jina.

"Ni mambo ya kale," Donncha akasema. "Shamba ni letu kisheria. Sasa wataka tumpe shamba?"

"Nani kataja shamba? Umeona mtu hapa ana kiu ya shamba? Huyu mama anataka jiwe la kumlaza kaka yake, nawe ukampeleka kwenye mavi ya mbuzi! Nyumba yao ilikuwa wapi?"

Kabla hajafungua mdomo, nikakumbuka. Katika zizi letu la ng'ombe, kwenye ukuta wa mwisho, kuna jiwe pana, jeusi. Mama hakuruhusu ng'ombe afungwe hapo, na kila Jumamosi alilisugua kwa ufagio. Ukimuuliza anasema, "Liache, ni jiwe la watu." Nilidhani ni kichaa cha usafi. Kumbe lilikuwa jiwe la meko yao, na zizi letu limesimama juu ya nyumba yao.

Loretta alikuwa amegeuka kwenye kiti. Alikuwa anayatazama meko aliyokuwa akiyaota mgongoni tangu alipoingia.

"Moto wenyewe ndio huu?" akauliza.

"Ndio huu. Haujawahi kuzimika."

"Basi aliutunza," akasema polepole. Mara uso wake ukabadilika, akasimama. "Aliutunza moto, akatuibia nyumba! Nipe. Nipe moto wetu."

Nikachukua koleo na ndoo ya bati. Kaa moja lingetosha, lakini nilichota yote, ya chini na ya juu, mpaka sakafu ya meko ikabaki nyeupe. Donncha akasimama mlangoni.

"Gobnait, zizini kuna nyasi kavu! Utatuchoma!"

"Pisha, nisije nikakumwagia miguuni."

Akapisha. Zizini tulisukuma ndama kando, nikafagia jiwe, nikayamwaga makaa katikati. Yalikuwa mekundu kabisa. Loretta akafungua kopo, kisha akasita, hajui afanyeje.

"Fukia," nikamwambia. "Kama unavyofanya usiku. Pembeni kwanza, halafu juu. Usibane, yaache yapumue."

Akapiga magoti palepale kwenye samadi, akayafukia makaa kwa majivu ya kaka yake, taratibu, kwa mikono miwili, mpaka wekundu wote ukafichika na jiwe likaanza kupata joto. "Lala, Cornelius," akasema. "Griso yuko hapa." Nililia, na hata nikilia nilikuwa nimekasirika.

Tuliporudi, jikoni kulikuwa na baridi ambayo sijaijua maisha yangu yote. Donncha alikuwa amekaa mbele ya meko matupu, koti limefungwa hadi shingoni, tai bado ipo.

"Haya, umefurahi?" akasema. "Na sisi sasa tutaota nini?"

"Nenda kaombe kwa jirani," nikamwambia.