Simu Ndani ya Helmeti

"Piga wewe," alisema Afande Venant, mtahini wa leseni za pikipiki. "Simu ya ofisi haina salio."

Amondi akapiga. Simu ya mtahini ikalia hatua mbili mbele yake, juu ya meza ya mama lishe, kando ya sahani ya chapati. Wakatazamana, kila mmoja na simu sikioni.

"Unanisikia?"

"Nakusikia, afande." Angemsikia hata bila simu.

"Basi chomeka."

Amondi akaichomeka kati ya shavu na helmeti, pale pale ilipokaa miaka sita yote aliyobeba wachuuzi wa dagaa kutoka soko la Mwaloni. Sponji lilishabonyea umbo lake. Zamani mtahini alikuwa akimfuata mtu kwa gari, akimwambia kata huku, simama kule. Lakini gari la ofisi halikuwa na mafuta tangu Jumatatu, na hii ni Alhamisi. Wakubwa wakakaa, wakafikiri, wakaja na wazo la simu. Kwa salio la mtahiniwa.

Pikipiki ilikuwa ya Alkarim, mwenye duka la vipuri pale Mirongo. Jana alimwita pembeni, kwa upole wake wa siku zote.

"Amondi, mimi sikufukuzi. Ila wakikukamata huna leseni, wanaondoka na pikipiki yangu. Kesho jioni uje na karatasi ya kufaulu, au uje na ufunguo."

Kazi nyingine aliyoijua Amondi ni kuanika dagaa, na huko siku hizi mikono imekuwa mingi kuliko dagaa.

"Toka taratibu," sauti ikasema shavuni. "Indiketa. Kata kushoto."

Akakata kushoto.

"Punguza kwenye tuta. Mama, hii chapati si ya jana hii? Haya, nyoosha na barabara ya uwanja wa Kirumba. Ya jana kabisa, inavutika kama mpira. Kwenye kivuko simama, angalia pande zote."

Akasimama, akaangalia pande zote. Alishang'amua kwamba kwenye chapati mtahini alikuwa mkali kuliko barabarani.

Mbele ya uwanja mkono wa trafiki ukanyooka. Dada mwenye sare nyeupe iliyopigwa pasi, jina kifuani: Odeta.

"Habari, mama. Hicho kinachowaka shavuni ni nini?"

"Simu, afande."

"Unaendesha huku unaongea na nani?"

"Na Afande Venant. Niko kwenye mtihani."

Odeta akainama, akasogeza mdomo kwenye shavu la Amondi kama anayetaka kumbusu. "Halo?"

Ndani ya helmeti kimya. Simu haikukatika, Amondi alisikia kijiko kikizunguka kikombeni.

"Hakuna mtu hapa," Odeta akasema.

"Yupo. Anakoroga chai."

"Mama, nimesikia visingizio vingi kwenye barabara hii. Cha chai ndicho kipya." Akabonyeza mashine yake, ikatema karatasi ya faini.

Amondi aliporudi, Venant alikuwa anajifuta mafuta ya chapati vidoleni, faili limeshafungwa.

"Ulikuwa unasikia?" Amondi akauliza.

"Nilisikia kila kitu. Lakini mtahini haruhusiwi kumsaidia mtahiniwa."

"Sawa."

"Na kutumia simu barabarani ni kufeli moja kwa moja, hata kama mengine umefanya vizuri. Na umefanya vizuri, nisikudanganye."

"Umeonaje?"

"Niliisikia injini." Akampa karatasi. HAJAFAULU, kwa mwandiko mzuri wa darasani. "Rudi baada ya siku thelathini. Uje na simu yenye chaji."

Amondi akaikunja karatasi mara nne, pamoja na ile ya faini, akaziweka mfukoni. Hakusikia hasira. Alisikia kiu kidogo.

"Si unapitia njia ya Mabatini?" Venant akasema, akivaa kofia. "Nisogeze."

"Siwezi kupakia mtu, afande. Sina leseni."

"Aa, mama. Hapo tu."

"Umeandika mwenyewe."

Akaizima pikipiki, akachomoa ufunguo, akaanza kuisukuma, helmeti kichwani. Ni mbali mpaka Mirongo kwa Alkarim, na jua la saa saba halikuwa na utani. Nyuma yake Venant aliita mara moja. Kisha akaita tena, safari hii shavuni, maana hakuna aliyekumbuka kukata simu. "Mama, rudi basi, hata mpaka kwenye lami." Amondi akasukuma.

Mbele ya uwanja Odeta aliona mwanga wa simu bado uko kwenye helmeti. Akaitoa mashine, akaiangalia, akamwangalia Amondi miguuni, akairudisha mashine mfukoni. Anayetembea kwa miguu hana kosa la simu.

"Yamekuishia mafuta, mama?"

"Yamejaa," Amondi akasema, akapita.