Samaki wa Maabara

Mwalimu wa biolojia alikuwa akikamua sifongo la pampu ya tangi la samaki kwenye sinki la maabara, mwalimu mkuu alipopita dirishani akipiga kengele kwa mkono wake mwenyewe, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona shuleni pale. Ilikuwa katikati ya kipindi. Watoto wakamwagika uwanjani, wengine wakishangilia bila kujua wanashangilia nini. Redio ilikuwa imeshatangaza: ugonjwa umeingia nchini, shule zote zifungwe, kila mtu aende kwao.

"Mwalimu Samaki, tunaonana lini?" msichana mmoja aliuliza mlangoni, begi likiwa limemning'inia bega moja.

"Wiki ijayo, au ile nyingine," alimjibu, na alisema hivyo kwa sababu ndivyo alivyoamini.

Jina hilo la Mwalimu Samaki wanafunzi ndio waliompa, naye hakulikataa. Nyuma ya maabara, chini ya picha ya mifupa ya binadamu, palikuwa na tangi la kioo alilolitengeneza mwenyewe. Vioo vilikuwa vya dirisha la duka lililobomolewa, akaviunga kwa gundi ya silikoni, likavuja, akaunga tena, likamlowesha viatu, akaunga tena. Hakuna aliyemtuma. Mtaala haukutaja samaki wa mapambo popote. Walimu wenzake walikuwa na mpira wao, kushona kwao na umbea wao. Yeye alikuwa na samaki wadogo wenye mikia kama vitambaa vya harusi, na mmoja mkubwa mweusi, macho yamemtoka, aliyezunguka tangi kutwa kucha akichungulia kila pembe kana kwamba anatafuta kosa. Huyo aliitwa Mkaguzi. Wakaguzi wa kweli walipokuja shuleni, wanafunzi walionywa wasilitaje jina hilo hata kwa bahati mbaya.

Siku ile aliwatupia chakula zaidi ya kawaida, akasikiliza kidogo pampu ya hewa ikinguruma, akafunga mlango, akaenda zake.

Nyumbani alikuwa akiishi na mama mkwe wake. Mumewe alikuwa dereva wa lori la safari ndefu, na habari za ugonjwa zilimkuta ameshavuka mpaka. Sasa alikuwa anarudi, ila malori yote yalikuwa yamezuiwa mpakani mpaka madereva wapimwe.

"Tumepangwa kama matofali," alisema kwenye simu. "Jana wametuingiza vijiti puani. Mwenzangu mmoja kapiga chafya, foleni nzima ikatawanyika."

"Na wewe unajisikiaje?"

"Mimi mzima kama chuma. Mama hajambo?"

Mama alikuwa hajambo, isipokuwa redio ilikuwa haimtoki sikioni. Kila tangazo alilisikiliza mpaka mwisho, kisha akamsimulia mkamwana wake, ambaye alikuwa amelisikia papo hapo akiwa chumba hichohicho.

Siku za mwanzo Mwalimu alijipa kazi. Alifua mapazia. Alisogeza kabati, akakuta vumbi, akalifagia, akalirudisha kabati lilipokuwa. Alijirekodi kwenye simu akifundisha mzunguko wa damu, akawatumia wanafunzi, wakamjibu watatu, mmoja akiuliza kama jogoo anayesikika nyuma ni wa kwao. Akaenda dirishani, akarudi mezani, akafungua daftari, akalifunga.

"Mwanangu, hebu kaa," mama mkwe alisema. "Unanitia kizunguzungu."

"Nimekaa, Mama."

"Umekaa wapi? Hivyo ni kuegesha tu, kama mtu anayesikilizia basi."

Kweli hakukaa akakalika. Kila akitulia, kuna kitu kilimtekenya kifuani, kama mtu aliyeacha jiko linawaka na hakumbuki ni jiko gani. Alidhani ni mume. Alimpigia, akamsikia anacheka na wenzake, akakata simu, na kile kitu kikabaki palepale.

Wiki ilipogeuka, mwalimu wa hesabu akapiga simu kumsalimia. Wakazungumza hili na lile, bei ya sabuni, nani kakimbilia kwao, kisha yule mwenzake akasema, kama mtu anayesimulia la kuchekesha, "Mkuu naye! Amezima umeme wa shule nzima kwenye swichi kuu. Eti taa zisile bure."

"Lini?"

"Jana asubuhi. Kwa nini?"

Mwalimu akakata simu. Akilini aliiona pampu imenyamaza na tangi lote kimya.

Akampigia mwalimu mkuu. Simu iliita mpaka ikachoka, akapiga tena.

"Mwalimu," mkuu alisema baada ya kumsikiliza, sauti imemkauka, "watu wanakufa huko duniani. Mimi nina walimu wawili wana homa na wazazi wanaonitukana kutwa. Wewe unaniletea habari za samaki?"

Aibu ikampanda mpaka masikioni. Mkuu alikuwa amesema kweli. Hata hivyo hakukata simu. Mkuu naye hakukata. Mwishowe akashusha pumzi. "Ufunguo anao mlinzi. Mimi sijakuruhusu. Na wala sijakukataza."

Mwalimu akavaa barakoa, akachukua ndoo ya plastiki yenye mfuniko na kikombe.

"Unakwenda wapi?" mama mkwe alishtuka. "Saa kumi na mbili watu wote wanatakiwa wawe ndani!"

"Shuleni, Mama, mara moja."

"Shule si imefungwa?"

"Ndiyo maana nakwenda."

Mama mkwe akamtupia leso nyingine ya kufunika uso juu ya ile barakoa.

Mlinzi wa shule alimrushia ufunguo kwa mbali, ukaanguka mchangani. Maabara ilikuwa imefungwa madirisha yote, na harufu ilimpokea mlangoni. Maji yalikuwa na ukungu. Wale wenye mikia ya harusi, wengi wao walikuwa wanaelea kiubavu. Hakujiruhusu kuwatazama sana. Waliobaki walikuwa wamejibana juu, midomo nje, wakihema hewa tupu, na Mkaguzi katikati yao, hazunguki tena, tumbo likimpanda na kushuka. Aliwachota kwa wavu mmoja mmoja, akawatia ndooni pamoja na maji yao, akashika njia. Pampu aliisahau palepale ukutani. Alikuja kuikumbuka yuko barabarani tayari, jua linaelekea kuzama, na kurudi hakuwezekani.

Mji ulikuwa mtupu. Maduka yote yalikuwa yameshusha milango ya bati, na viatu vyake vilisikika kama vya watu wawili. Kila baada ya mwendo kidogo alisimama, akafunua ndoo, akachota maji kwa kikombe na kuyamwaga kwa juu ili yaingie hewa. Akafunika, akakaza mwendo.

Kwenye njia panda kulikuwa na kizuizi, na askari mmoja peke yake ameketi juu ya pipa.

"Simama hapohapo! Kuna nini humo?"

"Samaki."

"Biashara imepigwa marufuku kuanzia saa tisa."

"Si wa kuuza, afande. Wako hai."

Askari akasogea hatua mbili, akachungulia kwa mbali, akarudi nyuma. "Sasa ndiyo nini hiki? Kaa hapo pembeni. Mkubwa wangu anapita na gari, utamweleza yeye."

Mwalimu akaketi ukingoni mwa barabara, ndoo katikati ya magoti. Akafunua, akachota, akamwaga. Akachota, akamwaga. Maji yakamrukia usoni.

"Mama, tulia basi!" askari alisema.

"Nikitulia wanakufa."

Askari akamtazama kama mtu anayejiuliza amekosa nini mpaka akapangiwa zamu hii. "Kwani wewe unafanya kazi gani?"

"Mwalimu."

"Wa samaki?"

"Wa biolojia. Samaki ni mapenzi yangu tu."

"Mke wangu ana mapenzi ya maua," askari alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikalegea. "Nyumba nzima makopo. Nikigeuka nimeangusha kopo."

Hapo simu ya Mwalimu ikaita mfukoni. Mikono yake yote ilikuwa inachuruzika maji. Akaitoa kwa vidole viwili, akaiweka juu ya lami, akabonyeza kwa kiwiko, sauti ya mumewe ikatoka waziwazi barabarani.

"Mke wangu, uko wapi? Mbona kuna upepo?"

"Niko njiani. Sema."

"Majibu yametoka. Ninao."

Kikombe kikabaki hewani.

"Usiogope," mumewe aliendelea upesi upesi. "Sina homa. Kikohozi kidogo tu, na pua hainusi. Wanatupeleka kwenye ukumbi fulani, kuna vitanda. Usimwambie Mama ghafla, mpe polepole. Unanisikia?"

"Nakusikia."

"Basi nitapiga nikifika." Simu ikakatika.

Askari alikuwa ameshasimama, amerudi nyuma mpaka mgongo umegusa kizuizi. "Huyo mumeo... mmeonana lini?"

"Aliondoka kabla ya haya yote. Yuko mpakani."

Askari aliangalia barabara ilikotakiwa gari kutokea, akamwangalia Mwalimu, akaangalia ndoo. Hofu na huruma vilipishana usoni pake, na haikujulikana ni kipi kilichomfanya aseme. "Nenda. Nenda upesi kabla hawajafika. Na usisimame njiani."

Lakini alisimama njiani. Kila alipofika penye ukuta alisimama, akafunua, akachota na kumwaga, huku machozi yakimwingia ndani ya barakoa na pumzi ikimgeuka mvuke. Alijiuliza ni mwanamke wa namna gani huyu, mume kalazwa huko mpakani na yeye anawapepea samaki. Mikono haikumsubiri apate jibu.

Mama mkwe alimkuta jikoni, amepiga magoti mbele ya beseni la kufulia, anawahamisha samaki kwa bakuli.

"Redio imesema..." mama alianza, kisha akauona uso wake. "Ni nini?"

Mwalimu alikuwa amepanga maneno ya kumpa polepole, maneno laini, yenye kuzunguka. Yote yakamruka. "Amepimwa, Mama. Anao. Anaongea vizuri, nimemsikia kwa masikio yangu."

Mama mkwe hakupiga kelele. Alishika ukingo wa meza, akavuta kigoda, akakaa. Baadaye akainama, akachungulia beseni.

"Na hawa wana nini?"

"Wamekosa hewa. Pampu nimeisahau shuleni."

"Nipe hicho kikombe," mama alisema. "Unawapiga maji badala ya kuwapa hewa. Wewe kampigie mume wako tena, mwambie Mama anajua. Na kwamba hajaanguka."

Wakapokezana hivyo mpaka wote wawili wakalala vitini. Asubuhi jirani fundi wa redio akawapitishia juu ya ukuta pampu ndogo aliyoiunga kwa vifaa vya kuokoteza. Baadhi ya samaki walikuwa wamekufa, wengine walikuwa hai, na Mkaguzi alikuwa ameanza tena kuzunguka, sasa kwenye beseni la bluu.

Zikafuata siku za simu. Siku nyingine mume aliongea, siku nyingine alikohoa tu wakamsikiliza akikohoa, na mara moja hakupatikana kabisa tangu asubuhi, Mwalimu akazunguka uani mpaka nyasi zikalala. Kumbe chaji ilikuwa imemwishia. Mwalimu alimgombeza, akalia, akamgombeza tena.

Mume aliporudi, alishushwa mwisho wa mtaa, akaja kwa miguu na mkoba wake, suruali inamzidi kiuno. Mama alitaka kumkimbilia, Mwalimu akamdaka gauni kwa nyuma.

"Siku chache tu, Mama! Wamesema akae peke yake siku chache zaidi."

"Mwanangu amekwisha! Mwone shingo!"

"Sijaisha, Mama," mume alisema langoni, akitabasamu kwa macho. "Nimepungua tu."

Wakampa chumba cha uani. Chakula kiliwekwa kizingitini, mtu akagonga, akarudi nyuma. Jioni Mwalimu alikwenda kusimama nje ya dirisha lake, akamsimulia habari za shule ambazo hazikuwepo, akang'oa magugu, akapanga upya vyungu, akaokota karatasi, akaitupa, akairudia.

"Hivi wewe," mumewe alimwuliza kutoka ndani, amelala chali, "huwa unakaa saa ngapi?"

"Nikikaa nafikiri."

"Unafikiri nini?"

Alikuwa ameshika ungo mkononi na hakujua alitaka kuufanyia nini.

Mumewe akakohoa, akageukia dirishani, akaweka mto vizuri chini ya kichwa. "Basi tembea," alisema. "Ila usiende nyuma ya nyumba. Tembea hapahapa, nikuone."

Mwalimu akauweka ungo chini. Akatembea mpaka ukutani, akageuka, akarudi, akapita mbele ya dirisha.